Darubini ya Bei ya Kati

Walinzi wenzake walimpa jina la Redio, na enzi hizo lilimkaa sawasawa. Alikuwa haishiwi maneno. Angeanza kukusimulia habari ya nguruwe mmoja mkiwa shambani, mkafika hadi mlangoni kwako, na nguruwe mwenyewe awe bado hajafa. Halafu likatokea lile la mwaka jana, na tangu hapo jina limebaki ila maneno yameondoka. Ukimsalimia anaitikia. Ukimpa chai anakunywa, iwe na sukari au isiwe nayo. Mkewe aliwahi kusema, akicheka huku macho yamejaa maji, kwamba ameolewa na redio iliyoisha betri.

Siku hii alikuwa mjini, kwenye duka la bunduki, pamoja na shemeji yake, kaka wa huyo mkewe. Meneja wa shamba ndiye aliyemtuma. Shamba ni la mahindi, kubwa, na nguruwe mwitu wakiachiwa wajitawale huko hubaki matope na mabua tu. Bunduki ya shamba ilitakiwa irudi kazini, na ili irudi ilihitaji darubini mpya, ile inayofungwa juu yake kwa kulengea, maana ya zamani ilivunjika. "Usiniletee takataka," meneja alimwambia, "na usiniletee dhahabu. Ya bei ya kati." Redio aliitikia ndiyo. Angetumwa kuleta kitanda angeitikia hivyo hivyo.

Shemeji hakutumwa na mtu, alijituma. Siku hizi kazi yake ni kufungua na kufunga geti la shamba, kazi ya kukaa, kwa sababu mguu wake wa kulia unaishia juu ya goti. Suruali dada yake huikunja na kuibana kwa pini kubwa, naye hutembea kwa magongo mawili yanayolia kila akiyaegemea. Aliyempiga risasi ni Redio.

Afadhali niliseme mapema, lisitukae kooni. Jioni moja, giza likiwa ndiyo kwanza linaingia, Redio aliona nguruwe kwenye darubini, kando ya mtaro, akafyatua. Nguruwe hakuwepo. Alikuwepo shemeji yake, ameinama anachomoa mwiba kwenye kiatu. Redio aliitupa bunduki mawe yalipo akaenda mbio, na darubini ikapasuka vipande. Polisi wakaja, wakapima, wakauliza, wakaviokota vile vipande wakasema hii ni ya bei ya kutupa, kioo chake jioni hakioni kitu. Meneja alikubali kwa kuinamisha kichwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinunua. Mke wa Redio alikubali haraka kuliko wote, kwa kuwa asipokubali atamtazamaje mumewe, na kaka yake je? Kila mtu akashika neno moja: kosa la kioo. Redio naye alilishika, lakini hakuwa na nguvu ya kuliamini wala ya kulikataa, na mwaka mzima lilikuwa limemkalia kifuani, zito, halimuumi wala halimwachi. Kama kuna kitu alichofuata dukani siku ile, mbali na agizo la meneja, ni kujua hilo tu. Ni kioo, au ni yeye?

Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, na mdomo haujui kupumzika. Aliwapangia darubini tatu juu ya kitambaa kijani.

"Hii ya kwanza ni ya bei rahisi, nawauzia watu wanaotaka tu kupigwa picha wameishika," alisema. "Hii ya mwisho ni ya wale wanaotaka wageni waiulize bei. Hii ya katikati ndiyo ya mtu mwenye kazi. Wewe una kazi, kaka?"

"Anayo," shemeji alijibu. "Huyu ukitaka neno kwake peleka barua."

Mama alicheka. Redio hakucheka. Alikuwa akiitazama ile ya kwanza. Ilikuwa ndugu kabisa wa ile iliyovunjika: mwili mweusi usiong'aa, maandishi meupe, na shingoni ile pete yenye namba.

Pete hiyo lazima ielezwe. Huzungushwa kwa vidole, kutoka tatu mpaka tisa. Ukiipandisha, kitu cha mbali kinakuja karibu na kuwa kikubwa, lakini mwanga unapungua, na jioni picha yote inageuka masizi. Ukiishusha, kitu kinakuwa kidogo lakini unakiona ni kitu gani. Kwa hiyo mchana, wakiwapiga nyani waliokaa ukingo wa mbali wa shamba, huipandisha. Jua likizama, huishusha. Shemeji ndiye aliyemfundisha kazi, na kila jioni, kabla hawajaachana kwenda kila mtu upande wake, alikuwa akimpigia kelele neno moja kutoka ng'ambo ya mtaro:

"Pete?"

Naye Redio hujibu: "Imeshuka!"

Miaka nenda miaka rudi. Neno lilikuwa limezoeleka kama salamu, na nani anayeulizwa hujambo akajipima homa kwanza? Jioni ile shemeji aliuliza, na Redio akajibu imeshuka. Alikumbuka vizuri alivyojibu. Alichoshindwa kukumbuka ni vidole vyake. Mchana alikuwa amewapiga nyani kule mbali. Je, baada ya hapo aliishusha?

Shemeji mwenyewe jioni ile haimo kichwani mwake. Damu ilimwagika nyingi, akazimia, na alipozinduka hospitalini siku nzima ilikuwa imefutika. Kitu cha kwanza alichomuuliza Redio, kwa sauti ya kukwaruza, kilikuwa hiki: "Hivi shemeji, niliuliza pete?" Redio alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, ameshika kikombe cha uji wa mgonjwa. Akasema, "Sikumbuki, shemeji." Ulikuwa uongo. Ulimtoka hivi hivi, na baada ya hapo ile ganzi ikamshika moja kwa moja. Shemeji hakuuliza tena. Tangu hapo amekuwa mtu wa mizaha kupita kiasi.

"Sasa msiangalie barabarani," mama alikuwa akisema. "Mchana kweupe hata chupa ya soda inaonyesha. Ngojeni." Aliifunga ile ya bei ya kati kwenye kitako cha mbao kisicho na bunduki, cha kujaribia, kisha akawaongoza mlango wa nyuma. Pale palikuwa na uchochoro mrefu kati ya kuta mbili ndefu, mabomba yanashuka ukutani, mapipa mwishoni. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na huko ndani jioni ilishaingia. "Hapa ndipo darubini husema ukweli. Ila panahitaji kitu cha kuangalia. Mapipa hayatoshi."

"Kitu cha kuangalia kipo," shemeji alisema, akaanza kwenda.

"Shemeji, acha," Redio alisema.

"Niache nini? Hakuna risasi humo. Au sasa unapiga kwa macho?"

Magongo yalilia mpaka mwisho wa uchochoro. Mama hakujua habari yoyote ya watu hawa, akatabasamu tu. Redio alijiambia kwamba sasa moyo utamwenda mbio. Haukwenda. Aliweka kitako begani, na bega likakipokea kama lilivyozoea.

Kwenye ile ya kati alimwona shemeji kapungua ukubwa lakini kamili, ukingo wa kola, na mkono unampungia. "Nzuri," alisema. Mama akaanza kusifu kioo, namna kilivyopakwa dawa ya kuvuta mwanga. Redio alimkatiza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Nifungie ile ya bei rahisi."

"Ya nini, kaka? Umeshaona nzuri."

"Nifungie tu, mama."

Alimfungia, akitikisa kichwa. Redio alitazama tena. Pete ilikuwa tatu, namna zinavyotoka kiwandani. Kioo kilikuwa na ukungu kidogo pembeni, ni kweli, na rangi zilikuwa zimekufa. Lakini katikati alisimama mtu. Mtu kabisa: kichwa, mabega, magongo mawili, mguu mmoja. Hata mtoto angesema ni mtu. Redio alitazama mpaka jicho likaanza kutoa machozi ya kukodoa.

Kisha kidole gumba na cha shahada vikaenda kwenye pete vyenyewe, vikaizungusha mpaka ikagoma.

Huko mwisho wa uchochoro shemeji alichoka kusimama wima. Aliegemeza magongo ukutani, akainama akajishika goti lililobaki. Na kwenye kioo, ndani ya ule mduara mwembamba uliojaa masizi, Redio aliona bonge jeusi lenye mgongo. Haikuwa mara ya kwanza kuliona. Lilikuwa lile lile, mgongo ule ule. Alirudisha pete chini: mtu. Akapandisha: nguruwe.

Basi alijua. Hakuna aliyemwambia, na hakuna ambaye angemwambia milele. Na njia ya kutokea ilikuwa wazi bado, maana ile ya kati hata ikipandishwa ingeweza kuonyesha walau kwamba ni mtu. Angesema kioo hiki kibovu, si uongo. Angelipa, wangepanda gari, mkewe angewapakulia chakula, na ingekuwa jana na juzi tena mpaka azeeke.

"Unaniona?" shemeji aliita.

"Nakuona."

Halafu, labda kwa mzaha, labda kwa mazoea, sauti ile ya ng'ambo ya mtaro:

"Pete?"

Mdomo wa Redio ulikwishafunguka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Alitoa jicho kwenye kioo, akateremsha kitako, akaiangalia pete.

"Iko tisa," alisema. Sauti haikufika mbali, akairudia. "Iko tisa, shemeji. Na siku ile ilikuwa tisa."

Mama mwenye duka alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Huko mwishoni magongo hayakulia.

"Uliuliza," Redio aliendelea, na sasa maneno yalimtoka ovyo, kama mtu anayetapika. "Uliuliza, nikakujibu imeshuka, sikuangalia. Nilikuwa na akili ya kwenda nyumbani. Hospitali nilikudanganya. Kioo hakina kosa. Kioo kinaonyesha."

Shemeji alikuja polepole. Alipofika kwenye mwanga alisimama, uso umelowa, wala hakujisumbua kuufuta.

"Kwa hiyo niliuliza," alisema.

"Uliuliza."

"Una hakika?"

"Wallahi. Uliuliza kama siku zote."

Shemeji aliketi juu ya ngazi ya mlango wa nyuma, akaangusha magongo. "Mwaka mzima nalala na jambo hilo," alisema. "Nikajua nilisahau. Kazi yangu ilikuwa ile tu, kukuuliza, na nilijua nilisahau, ndiyo maana hutaki kuniambia. Nikasema huyu ananisitiri. Nakutania mchana kutwa, usiku naona haya mbele yako. Kumbe!"

Redio alikilaza kitako chini, akapiga magoti mbele yake. Kitu kilianza kumuuma, mikononi kwanza, kisha kifuani, maumivu ya kweli yenye mahali pake. Alinyoosha mkono.

"Usiniguse," shemeji alisema. "Usiniguse kwanza."

Mkono ukarudi. Mama aliingia ndani taratibu, akarudi na glasi mbili za maji, akaziweka chini kati yao. Shemeji alikunywa ya kwake yote. Redio alishika yake akasikia ubaridi wake kwenye kiganja, akashangaa kwamba maji ni baridi hivyo.

"Dada yako nitamwambia mwenyewe," alisema.

"Utamwambia mwenyewe, ndiyo. Leo hii. Nikiwepo." Shemeji alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Na meneja utamwambia. Akikufukuza, akufukuze. Asipokufukuza, ile ya kati utaifunga wewe, na kila jioni nitakupigia simu kutoka getini. Hata nikiwa sitaki kuisikia sauti yako, nitapiga."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Sawa zako nimezichoka." Aliokota gongo moja, akalielekeza kwenye kitako cha mbao kilicholala pale chini, na ile darubini ya bei rahisi juu yake. Alikuwa amekasirika, na sauti ilikuwa kali, ya mtu mwenye haki ya kuuliza.

"Pete?"

Redio alikiokota. Aliizungusha mpaka ikagoma upande wa chini, akainamisha kichwa kwenye mwanga wa mlango, akaisoma namba kwa macho yake.

"Imeshuka," alisema.