Kiolezo cha Kola

Mtaa mzima ulimwita fundi Inatosha, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko suti yoyote aliyowahi kushona. Watu walileta suruali za kupunguzwa kiuno, wakaondoka na mawaidha. Mwenye ndoa mbovu, mwenye kazi asiyoipenda, wote aliwaambia yale yale: penda kilichoko mkononi mwako, utalala usingizi mzuri. Wakaenda zao wametulia, ila suruali zilichelewa.

Binti yake ndiye aliyekuwa shahidi wake mkuu.

"Mtazameni huyu," alizoea kusema, akielekeza mkasi kwenye meza ya pili. "Alitaka uuguzi, chuo kikamkataa. Akalia siku tatu. Leo mnamsikia akilalamika?"

Hawakumsikia. Miaka kumi na miwili alikata kola na kutoboa matundu ya vifungo, na mwenyewe alishaanza kuyaamini mawaidha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote.

Siku moja asubuhi barua ya hospitali ilifika. Presha ya macho ilikuwa imeshamlia fundi jicho la kushoto, na la kulia lilikuwa njiani. Binti ndiye aliyempeleka kupimwa, akapanga foleni, akabembeleza wauguzi waliokuwa na umri wake. Aliisoma mlangoni: upasuaji Jumanne, saa mbili asubuhi; asipofika, nafasi atapewa mwingine, na jicho hilo halitaokolewa tena. Akaitia mfukoni mwa aproni, roho kwatu. Angemsomea wakati wa chai, amwone akitabasamu.

Kwanza amalize kola za sare. Alichukua kiolezo chake, kipande cha kadibodi kilichobandikwa karatasi ngumu, ambacho alikizungushia chaki tangu siku ya kwanza kazini. Gundi ilikuwa imezeeka. Karatasi ilibanduka pembeni, na upande uliolala ndani ulikuwa na maandishi ya taipu.

Akaivuta taratibu. Palikuwa na nembo ya chuo, nusu ya muhuri, na jina lake. Chini yake: tunafurahi kukuarifu kwamba umechaguliwa. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imeliwa na mzunguko wa shingo. Hakuna mtu mwingine ila baba yake aliyeweza kukata shingo ya kola kwa mkato mmoja namna ile.

"Barua yangu haijaja tu?" fundi akauliza. Mteja mmoja, mama wa makamo aliyeleta gauni, alikuwa amekaa kwenye benchi.

"Imekuja, baba."

"Nisomee basi, mwanangu."

Akaifungua. Alichukia, na chuki ile ilimtuliza mikono.

"Wanasema umechelewa. Hakuna cha kufanya."

Cherehani ikanyamaza. "Hata upasuaji?"

"Hata huo. Wamekukataa."

Fundi akashika ukingo wa meza. Mdomo wake ulicheza kidogo, kisha ukatulia.

"Pole, fundi," mama wa gauni akasema kwa upole. "Lakini si wewe uliyetufundisha kupenda kilichoko mkononi?"

"Ndiyo," akasema. "Inatosha."

Binti akaitandaza barua ya hospitali mezani, akaweka juu yake kile kiolezo kilichobanduka, akachukua mkasi.

"Unakata nini?" baba yake akauliza.

"Kiolezo kipya. Kile cha zamani kimebanduka."

"Cha kola?"

"Cha kola."

Fundi aligeuza kichwa. Jicho lake moja lilitafuta meza ya pili, likaona ukungu wenye umbo la mwanawe.

"Karatasi gani hiyo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Ngumu, baba. Ya barua."

Mkasi ulikuwa bado haujafika kwenye tarehe. Binti aliusimamisha hapo, akangoja. Alitaka neno moja tu, hata kama ni la uongo. Baba angesema nisamehe, naye angemwambia upasuaji ni Jumanne, na barua wangeigandisha kwa gundi ile ile.

Fundi akafungua mdomo. Mama wa gauni alikuwa akimtazama kwa heshima kubwa, akisubiri kusikia mtu aliyeridhika anavyosema siku kama ile. Fundi akakohoa, akajiweka sawa kitini, akapapasa gurudumu la cherehani.

"Gauni lako njoo ulichukue Jumanne asubuhi," akamwambia. "Mimi nitakuwepo."

Mkasi ukamalizia shingo.