Ushuhuda kwa Gita

Mahabusu walichutama watano watano kwenye uwanja wa gereza, mikono kichwani, baridi ya asubuhi ya Nakuru ikiwapanda kutoka kwenye saruji. Sajini Ndegwa alisoma majina ya wanaopelekwa kortini. Alisoma kumi na manne, akakunja karatasi. Jina la Kipkemoi halikuwamo, na hii ilikuwa mara ya pili mfululizo.

"Afande," Kipkemoi alisema bila kuinua kichwa, "leo niko na kesi."

"Lori iko na nafasi ya watu kumi na nne. Ama unataka nikufunge kwa bampa?"

Watu walicheka, kwa sababu askari akitania, mahabusu hucheka. Kipkemoi naye alicheka. Huo ndio uchafu ambao hautoki hata ukipewa sabuni, kumchekea anayekukalia shingoni.

Jioni, Nicodemus alirudi na lori akiwa na habari. Alikuwa mzee wa kesi ya shamba, na alisikia faili ya Kipkemoi ikiitwa. Hakimu alikuwa amekasirika. Miaka mitatu bila shahidi hata mmoja! Alhamisi ya wiki ijayo ndiyo siku ya mwisho. Dereva wa lori ambalo Kipkemoi alishtakiwa kuliiba asipotokea, kesi inafungwa na kijana anakwenda nyumbani.

"Lakini lazima ufike," Nicodemus alisema. "Usipoletwa, inasukumwa mpaka mwaka ujao."

Lori lenyewe lilikuwa limebeba mbolea, likaibwa Salgaa. Saa hiyo Kipkemoi alikuwa ndani ya klabu ya loji akiimba country, kofia pana kichwani, mbele ya watu zaidi ya mia. Zilikuwa nyimbo za huzuni za Marekani, za walevi na farasi na wake waliotoroka, ambazo watu wa huku juu huzipenda kana kwamba zilitungwa Njoro. Polisi walipokuja walizoa kila aliyekuwa karibu. Wenye watu wao walitoka kabla ya chai ya saa nne. Yeye, mtoto wa dereva wa trekta, alibaki. Kati ya wale mia waliomshangilia, hakuna aliyekuja kusema kwamba alimsikia.

Mwaka wa pili aliacha kula. Alitaka kufa, basi. Nicodemus ndiye aliyeketi naye siku tisa, akimsomea Biblia na kumlisha uji kwa kifuniko cha chupa, mpaka siku moja Kipkemoi akalia kwa sauti na kuomba mwenyewe. Walimbatiza ndani ya pipa la maji. Hakuwa anaigiza. Tangu siku hiyo alilala usingizi, na gita la kanisa la gereza, lenye nyuzi tano, likawa lake.

Ijumaa Sajini Ndegwa alimwita ofisini.

"Jumapili kuna wageni, kanisa kubwa kutoka Nairobi. Wanatuletea magodoro. Wewe ndio unaimba zile za kizungu, si ndio? Utaimba ushuhuda yako. Uliokoka kutoka wapi?"

"Nilikuwa nimekata tamaa, afande. Nilitaka kufa."

Ndegwa alipiga miayo. "Hiyo ya kulialia hapana. Wageni wanataka mwizi. Mtu alikuwa anashikia watu bunduki, sasa anashika Biblia."

"Lakini afande, mimi sikuiba."

"Na hapa ndani nani aliiba?" Ndegwa alivuta karatasi tupu, akaiweka katikati ya meza. "Hii ndio list ya Alhamisi. Naandika mimi, na mkono yangu. Tumeelewana?"

Kipkemoi alikwenda kumwambia Nicodemus kwamba anatakiwa adanganye mbele ya Mungu. Mzee alikuna kidevu.

"Kijana yangu, hapa kila mtu anatia ushuhuda chumvi. Mimi mwenyewe nilisema nilikuwa mlevi, na sijawahi onja hata busaa. Mtu bila dhambi kubwa nani atampigia makofi? Mungu anajua. Wewe fika korti."

Hivyo ndivyo Kipkemoi alivyokaa Jumamosi nzima akitunga dhambi. Alitaka iwe ya benki, lakini benki hakuwahi kuingia bila bawabu kumuuliza anatafuta nini, na wimbo ulikataa kusimama. Wizi mmoja tu aliujua sawasawa. Ulikuwa umesomwa mbele yake kortini mara nyingi hata akaukariri: mlima wa Salgaa, magunia mia mbili, dereva aliyefungwa kamba miguu. Akauimba huo.

Jumapili, chini ya hema, aliuimba kwa Kiingereza, akiipitisha sauti puani kama alivyojifunza kwenye redio ya baba yake. Aliimba jinsi alivyomfunga yule dereva. Aliimba jinsi Yesu alivyomfuata mpaka selo. Mgeni mmoja aliyeitwa Sue alilia waziwazi, na simu zikanyanyuliwa kila upande. Kipkemoi alifumba macho na kumwomba Mungu amsamehe huku akiendelea kuimba. Makofi yalipovuma aliona haya, na pia, kwa mara ya kwanza tangu Salgaa, aliona raha. Hilo lilimtisha zaidi.

Alhamisi jina lake lilisomwa la kwanza.

Kortini, mama yake, Jepleting, alikuwa ameketi benchi la pili, mfuko mapajani. Ndani mlikuwa na suruali iliyopigwa pasi na viatu vya kwendea nyumbani. Dereva aliitwa mara tatu nje mlangoni. Hakuja. Hakimu alikwisha shika kalamu wakati kiongozi wa mashtaka aliposimama.

"Mheshimiwa, shahidi hatuna. Lakini mshtakiwa mwenyewe amekiri. Iko kwa Facebook, watu elfu arobaini wameiona. Ametaja mpaka idadi ya magunia."

Kipkemoi aliinua mkono. "Mheshimiwa, huo ni ushuhuda. Ni wa kanisa."

"Kwa hivyo ulikuwa unadanganya kanisani?" kiongozi wa mashtaka aliuliza.

Kipkemoi aligeuka. Mlangoni alisimama Sajini Ndegwa, aliyemleta na ambaye angemrudisha, akijisafisha kucha kwa kona ya karatasi.

"Nilikuwa…" alisema Kipkemoi. "Mheshimiwa, nilikuwa nataka tu kufika hapa."

Watu wachache walicheka. Hakimu hakucheka, wala hakuuliza maana yake. Aliwapa upande wa mashtaka mpaka mwezi wa pili mwaka ujao kuleta mtaalamu wa simu, kisha akaagiza wimbo uchezwe wote, ili aandike vizuri.

Simu iliwekwa karibu na kipaza sauti. Gita lilianza, kisha sauti yake, nzito na safi, ikajaza chumba. Jepleting hakujua Kiingereza. Miaka mitatu hakuwa amemsikia mwanawe akiimba. Aliinua uso, akatabasamu, akamgusa mwanamke aliyekaa kando yake amwonyeshe kwamba huyo ni wake, na kwa kiganja kimoja, juu ya mfuko wa suruali, akaanza kumpigia mdundo.