Matofali ya Limau

Mukhisa alikuwa ameoa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa mama mkwe wake hakuwahi kumwambia neno lolote moja kwa moja. Usidhani walikuwa wamegombana. Kwao, kule upande wa Bungoma, mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja, na mmoja akimwona mwenzake anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Yote hayo ni heshima. Na heshima hiyo ina mwisho wake: siku mkwe anapoleta blanketi, na mama akalipokea mbele ya mashahidi na kuchinja kuku, aibu inaisha, na wawili hao wanaweza kusalimiana.

Kwa wakwe wengi siku hiyo hufika mwaka wa kwanza au wa pili. Mukhisa alinunua blanketi lake miezi mitatu tu baada ya harusi, blanketi zito la rangi ya maruni, akamtuma mkewe Rispah aulize alilete lini. Jibu lilirudi Kitale, walikoishi: bado. Mwaka wa pili, bado. Mwaka wa nne Rispah akaacha kuuliza, kwa sababu alijua kisa chenyewe. Mama yake, Phelista, alikuwa mjane wa mwashi aliyejenga nusu ya nyumba za mawe pale kijijini kwao karibu na Chwele, na kwake yeye mwanamume ni mtu anayerudi nyumbani na simenti kwenye kucha. Sasa binti yake alikuwa amemletea mwanamume wa aproni.

"Mwanaume wa kukoroga mayai," Phelista alimwambia Rispah wakati mmoja. "Nikipokea hiyo blanketi, nitaongea na yeye nini? Tuongee mayai?"

Rispah, ambaye hajui kuficha kitu, alimweleza mumewe neno kwa neno. Maneno hayo yalimuuma Mukhisa sana. Alikuwa na duka lake la mikate pale Matisi, mtaa wa Kitale, chumba kimoja chenye tanuri la pipa alilolitengeneza mwenyewe, na mtaa mzima ulimheshimu. Lakini mama yake mzazi alikuwa amefariki yeye akiwa kidato cha pili, na tangu hapo hakuwa na mtu wa kumwita mama. Alipooa alifikiri amempata. Blanketi likabaki ndani ya nailoni yake, kwenye begi la bluu, juu ya kabati.

Kilichoanza kubadilisha mambo ni malimau. Nyuma ya nyumba ya Phelista kulikuwa na mlimau uliokuwa ukizaa kama uliolipwa, na malimau yakawa yanaozea chini. Mwaka huu Phelista alichoka kuyafagia, akampa Rispah nusu gunia aende nayo Kitale. Hakusema ni ya nani. Mukhisa aliyatazama, akayanusa, akakwaruza ganda moja kwa ukucha, kisha akafunga duka mapema.

Alitengeneza kitu alichojifunza zamani katika hoteli moja alikoajiriwa. Chini unatandaza unga uliofikichwa na siagi na sukari, unaushindilia kwenye trei na kuuoka mpaka ukingo uanze kuwa wa kahawia. Juu unamimina mayai yaliyopigwa na sukari, maji ya limau na maganda yaliyokwaruzwa, halafu unarudisha kwenye moto mdogo. Ikipoa, unakata vipande vya mraba, vya manjano, vichachu na vitamu kwa pamoja, mpaka mtu anafumba jicho moja. Wateja wa Matisi waliviangalia vile vilivyokatwa sawasawa wakaviita matofali. Jina likashika.

Mukhisa alimtumia mama mkwe sahani nzima. Sahani ilirudi baada ya wiki ikiwa imeoshwa, na ndani yake mayai kumi na mawili ya kienyeji, yamefungwa kwenye kitambaa. Hakukuwa na salamu yoyote. Mukhisa aliyapanga yale mayai dirishani, na kwa siku mbili akakataza yasipikwe.

Mambo yangeishia hapo kama Phelista asingekuwa na majivuno. Kina mama wa kanisa lake walikuwa na mkutano nyumbani kwake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na mwenyekiti wao Phanice alikuwa amegawa kazi: huyu alete chapati, yule ndizi. Phelista akasimama kanisani akasema yeye atapika matofali ya limau. Akaulizwa ni kitu gani hicho. Akasema watakiona, na kwamba yeye anakipika tangu zamani.

Jumatatu akampigia Rispah simu. Rispah akasimama katikati ya duka, simu sikioni, akimweleza mumewe na kumweleza mama yake, kama mkalimani.

"Anasema unga vikombe viwili, mama."

"Kikombe gani?"

"Anauliza kikombe gani."

"Hiki cha robo lita," Mukhisa akasema. "Si ile ya bati ya uji."

"Mwambie nimesikia," Phelista akasema kwa sauti iliyosikika hadi kwa wateja.

Jumanne matofali yaliharibika. Yaliumuka kama andazi, yakawa rangi ya matope, na ladha ya sabuni. Jumatano yakaharibika vilevile. Mukhisa aliuliza kila kitu. Moto? Mdogo. Mayai? Mapya. Sufuria? Safi. Ameweka kitu kingine? Hapana, hakuweka kitu.

"Ati anasema limau yake umeiroga," Rispah akasema.

"Mwambie limau ni yake."

"Hiyo simwambii mimi."

Alhamisi usiku Mukhisa hakula. Alijua kitakachotokea Jumamosi: mama yule angeaibika mbele ya kina mama wote, na aibu hiyo ingekuwa na jina la mkwe wake. Hata ile sahani ya mayai ingesahaulika. Blanketi ndiyo basi tena. Alimwambia Rispah kwamba chakula kile hakifundishwi kwa simu, kwa sababu kinahitaji pua na masikio, na kwamba wataenda.

"Utaingiaje jikoni kwa mama?" Rispah akauliza.

"Siingii. Nitakaa nje."

Jumamosi asubuhi akashusha begi la bluu, akatia trei mbili na siagi nzuri, wakaenda Bungoma.

Jiko la Phelista lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, chenye tundu la moshi upande wa migomba. Mukhisa alipelekewa kiti kidogo chini ya tundu hilo. Akaketi akiutegemea ukuta kwa mgongo, akiangalia migomba, begi lake katikati ya miguu. Ndani, futi tatu kutoka kisogoni mwake, mama mkwe wake alikuwa akipuliza makaa. Aliusikia mkufu wake ukigonga meza kila alipoinama.

"Rispah," Mukhisa akaanza, "mwambie mama afikiche siagi kwenye unga na ncha za vidole. Asikande."

"Rispah, mwambie nimesikia," Phelista akajibu kabla Rispah hajafungua mdomo.

"Akimaliza ashindilie kwenye trei. Iwe sawa kila mahali."

"Rispah, mwambie mimi nimekaa na mwashi miaka thelathini na tatu. Najua kitu sawa ni nini."

Rispah aliegemea mlango akacheka mpaka akafuta machozi. Ilikuwa vile asubuhi yote. Walikuwa wakizungumza, wawili hawa, kuliko walivyowahi kuzungumza maishani, na kila neno likipita kwanza kwa mtu ambaye hakuwa na kazi. Trei iliingia ndani ya sufuria kubwa yenye mawe matatu chini, mfuniko ukafunikwa, makaa yakawekwa juu. Mukhisa akanusa. Siagi ilipoacha kunukia ubichi na kuanza kunukia karanga, akasema itolewe, na ilitoka ikiwa na ukingo wa kahawia kama inavyotakiwa.

"Ni sawa," Phelista akasema, hakumtaja Rispah, na huenda hakujua kama amesema kwa sauti.

Hapo ndipo kina mama wa kanisa walipofika, saa nzima kabla ya wakati, maana udaku wa matofali ulikuwa umewasumbua wiki nzima. Walikuwa saba. Hawakukubali kukaa sebuleni. Wakajipanga jikoni na mlangoni, Phanice akiwa mbele, mikono kifuani.

Mukhisa akasikiliza kwa makini. Mayai yakapasuliwa, manane. Yakapigwa. Sukari ikaingia. Maji ya limau yakaingia, na Phelista akakoroga vizuri kabisa, taratibu. Halafu mkono ukatulia kidogo. Kijiko kiligusa mdomo, kama mtu anayeonja. Kisha Mukhisa akasikia kizibo cha gunzi kikitoka kwenye chupa, kitu kikamiminwa, na bakuli zima likachemka na kufoka kama soda iliyotikiswa.

Mukhisa hakuhitaji kuona. Mama yake mzazi alikuwa na chupa ileile, yenye kizibo kilekile cha gunzi. Ilikuwa munyu, yale maji ya majivu ya maganda ya maharagwe ambayo hulainisha kunde na kuondoa ukali wa mboga yoyote. Phelista alionja mchanganyiko, akaona limau ni kali, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa kama ulivyokuwa ukienda tangu akiwa msichana. Aliposema hakuweka kitu, hakudanganya. Kwake munyu haukuwa kitu cha kutaja, sawa na mtu anayesimulia safari asitaje kwamba alikuwa akipumua.

Povu lilikuwa likishuka kando ya bakuli, na mayai yalikuwa yakigeuka rangi mbele ya macho ya wanawake saba.

"Mama Rispah," Phanice akasema polepole, "si ulituambia hii kitu unapika tangu zamani?"

Phelista akainama kulikinga povu kwa viganja, na Mukhisa akausikia mkufu wake ukigonga meza tena na tena. Miaka tisa alikuwa amemwazia mwanamke huyu kama ukuta. Sasa alimhurumia.

"Rispah," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni. "Niombee radhi kwa hao kina mama. Hilo kosa ni langu. Mama amefanya vile mpishi yeyote wa huku angefanya. Mimi ndiye nilipaswa kusema hii moja haitaki munyu, na sikusema. Nimezoea tanuri ya Kitale, nimesahau jikoni za kwetu. Mayai mengine yako?"

"Yako," Rispah akasema.

"Basi mama aanze tena. Mikono yake iko sawa. Ni mwalimu ndiye mbaya."

Kina mama wakacheka, cheko la kuachilia mtu, na Phanice mwenyewe akavua leso yake akaanza kupangusa meza. Phelista akapasua mayai mengine manane. Alipokwisha kukoroga, mkono ukatulia tena, na Mukhisa naye akaacha kupumua. Kizibo hakikutoka. Mchanganyiko ukamiminwa juu ya ule unga, trei ikarudi ndani ya sufuria, na yeye nje akahesabu kwa pua, akaomba makaa ya juu yapunguzwe, akasema sasa, itoeni, itikisike katikati kidogo tu. Phelista alitaka kukata papo hapo. Aliambiwa angoje ipoe, akangoja, huku akilalamika.

Wakaanza kula. Mukhisa alisikia vijiko, na mtu akivuta mate kwa uchachu. Kisha Phanice akauliza, kwa mdomo uliojaa:

"Na huyu anaongea huko nyuma ya ukuta ni nani?"

Phelista akaweka sahani chini.

"Ni mkwe wangu," akasema. "Mimi sijui kupika hii kitu tangu zamani. Nimejua leo. Yeye ndiye amenifundisha. Na saa ile nimeharibu, ameibeba yeye, na nyinyi wote mumesikia."

Nje, Mukhisa aliangalia migomba ikimyumbia machoni. Halafu sauti ikaja juu ya kichwa chake, karibu sana, kutoka kwenye tundu la moshi, na haikumtaja Rispah.

"Mukhisa."

Alisimama, bila kugeuka, kama desturi inavyotaka.

"Naam, mama."

"Ile blanketi. Bado iko, ama mulitumia?"

Rispah, aliyedhani begi lilibeba trei na siagi tu, alianza kusema kwamba iko Kitale juu ya kabati, kwamba wangeileta wiki ijayo. Mukhisa alikuwa amekwisha kuinama. Akafungua zipu ya begi la bluu, akaweka kando trei ya akiba, akatoa kifurushi cha nailoni iliyokwaruzika pembeni kwa miaka tisa ya kuingia na kutoka.

"Iko hapa, mama," akasema. "Kila tukija huwa nakuja nayo."

Ndani hakuna aliyecheka. Rispah akajifunika uso kwa mikono miwili. Phelista akapenga kamasi kwa nguvu, akasafisha koo.

"Mashahidi wako saba, kuku wako hapo nje," akasema. "Zunguka mlangoni. Lakini pangusa hiyo miguu kwanza, hapa ni jikoni."