Kichwa cha Daktari Nathanael

Baada ya chai ya saa kumi, Sista Agnela aliegemeza tableti kwenye mto wa Mzee Lerionka, katika nyumba ya wazee pale Olasiti. Mzee alikuwa ameketi kitandani, akihema kama mtu aliyepanda mlima na mzigo. Daktari Nathanael akatokea kwenye kioo, akiwa ofisini kwake Njiro.

"Shikamoo, babu. Unasumbuliwa na nini?"

Mzee alitazama ukuta.

"Babu, daktari anakuamkia."

"Anaamkia kwa mdomo tu? Kichwa amemwachia nani?"

Agnela alimweleza daktari kwamba kwa Waarusha kijana humwinamishia mzee kichwa, naye mzee hukigusa. Bila hivyo hakuna mazungumzo. Daktari akavua miwani, akainama. Kichwa kikapita kwenye kioo, kikafuatiwa na shingo, mabega yakakwama. Mzee akaweka kiganja utosini.

"Haya, sasa umefika. Mbona umelowa?"

"Nimetoka nje sasa hivi, babu. Njiro kuna mvua."

Kwa kuwa sikio lilikuwa karibu, daktari alilibandika kifuani pa mzee.

"Mapafu yamejaa maji. Anahitaji oksijeni na hospitali, sasa hivi. Gari liko wapi?"

"Meneja amekwenda nalo Ngaramtoni kununua mbuzi. Kesho wafadhili wanakuja kuiona tableti."

"Mpigie."

"Nimempigia tangu mchana. Anasema bado anachagua."

Bajaji mbili zilikuja, zikakataa kubeba mtu wa hali ile. Mtungi wa oksijeni ulikuwepo Njiro, lakini ulikuwa mnene kuliko kioo. Daktari akabaki, kiganja cha mzee kikiwa utosini. Mzee alimuuliza daktari baba yake ana ng'ombe wangapi. Hana hata mmoja.

"Daktari mzima!" Mzee alicheka mpaka akakohoa.

Jua lilipozama, kuhema kulikuwa kumekoma na kiganja kilikuwa kizito.

"Sista, naomba ukiondoe taratibu. Mikono yangu iko huku."

Kesho yake wafadhili walikula mbuzi, wakapiga makofi kichwa kilipotokea. Walipoondoka, wazee walipanga mstari, wakakigusa mmoja mmoja. Bi Eunike alikuwa wa mwisho. Kwao Meru hawaamkiani hivyo, lakini alikishika muda mrefu, akihema.

"Gari liko wapi?" aliuliza daktari.

"Limewapeleka wageni uwanja wa ndege," alisema Agnela, akamsogezea Bi Eunike kiti.