Toleo la 2.3

Jumanne, saa nne asubuhi, Winfrida alifuta vumbi la kibodi kwa ncha ya kanga, akaandika amri kwenye kompyuta ya ofisi ya kijiji. Yeye ndiye karani wa daftari la mashamba. Kompyuta ile inaendeshwa na mfumo wa Linux, na Linux ukiiomba programu bila kutaja namba inakuletea mpya kabisa. Mpya ilikuwa 3.0. Winfrida alitaka toleo la zamani la programu ya daftari, 2.3, kwa hiyo akaitaja namba mwishoni, baada ya alama ya sawasawa.

Alikuwa analitafuta shamba lake. Ni ekari nne za alizeti alizoachiwa na marehemu baba, aliyempeleka huko mwenyewe, akachomeka miti ya minyaa kuwa mpaka mbele ya majirani, kama desturi inavyotaka. Tangu 3.0 iwekwe, jina lake halimo, na minyaa nayo ilihama siku hiyohiyo. Mdogo wake Antipasi, ambaye sasa analima kote, alimwambia ni kompyuta tu imelila jina, asijisumbue. Winfrida alimwamini miezi minane mizima.

Kompyuta iliuliza kama ana hakika anataka kushusha toleo. Akabonyeza Y.

Ilipofika asilimia sitini, minyaa iling'oka, ikakung'uta udongo mizizini, ikaanza kurudi. Ilitembea kwa mstari bila haraka, na penye njia ilisubiri bodaboda ipite ndipo ikavuka. Mwanamke mmoja wa jirani aliyekuwa akichuma mlenda alisogeza kapu lake kuipisha. Asilimia mia ilipotimia, minyaa ilikuwa imeshajichimbia mahali pake pa zamani.

Antipasi alifika ofisini kabla ya adhuhuri.

“Dada, minyaa imenikanyagia alizeti. Rudisha ile mpya.”

Winfrida aliendelea kusoma. Jina lake lilikuwapo, na chini yake lilikuwapo ombi la kulifuta, ambalo 3.0 haikulionyesha. Mwombaji ni Antipasi. Aliyeridhia alitia dole gumba lenye kovu la mundu katikati, na kovu hilo Winfrida alilijua tangu utoto. Tarehe ilikuwa ya wiki ile aliyomtoa mama hospitali, akamleta nyumbani kwake, akawa anamlisha uji kwa kijiko.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama uani, anaanika mlenda. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, kisha akamuuliza kwa nini alitia dole.

“Wewe umeolewa, mwanangu,” mama alisema. “Shamba likienda kwako limekwenda kwa ukoo wa watu.”

“Nilikuwa nakuogesha, mama.”

“Ulinitunza vizuri. Mungu akubariki.”

Winfrida alitamani mama angemkana tu. Ingeuma kidogo kuliko ile baraka.

Ijumaa serikali ya kijiji ilikaa. Mwenyekiti, mzee Stefano, alisema minyaa ina ruhusa ya kusimama inapotaka, ila daftari linalotambulika ni la 3.0, lililokwisha kuchapwa na kugongwa muhuri. Tena mama mzazi ameridhia. Aliongeza kwamba 2.3 ibaki tu kwenye kompyuta, haina ubaya.

Antipasi alikata mlango katikati ya minyaa, upana wa plau na maksai wawili. Mvua za kwanza ziliponyesha akaingia kulima ekari zote nne. Winfrida alipopita akielekea ofisini, Antipasi alisimamisha ng'ombe, akavua kofia, akamwamkia shikamoo dada kwa heshima zote, akauliza kama mama ameshakula.

Winfrida akamjibu kwamba ameshakula.