Sigara ya Mwalimu Albano

Mwalimu Albano alikuwa hamalizi vipindi viwili bila sigara. Mwaka ule wa tisini na tatu, katika shule moja ya msingi Tegeta, walimu walivutia ofisini, na mtoto kutumwa dukani halikuwa jambo la kushangaza. Yeye alizoea kumtuma Najat wa darasa la tano, maana alikuwa na mbio na hasahau.

"Ije imewashwa," alikuwa akimwambia, kwani kiberiti hakuwa nacho.

Jumanne moja Najat alichelewa. Albano akashindwa kukaa, akatoka, akazunguka nyuma ya madarasa. Akamwona anakuja kando ya ua wa michongoma. Mtoto alisimama, akaitia sigara mdomoni, akavuta, moshi akautolea puani taratibu kama mzee aliyeshiba.

"Unafanya nini wewe?"

Najat hakushtuka. Alimpa sigara kwa mikono miwili, kwa adabu. "Isipovutwa inazimika, mwalimu. Si ulisema ije inawaka?"

Albano aliipokea, akaikanyaga. Kipindi cha hesabu aliandika swali lile lile mara mbili ubaoni, akatoka nje, akarudi, akasahau alichofuata nje. Hakujua kama ni aibu au ni kiu ya sigara.

Saa kumi alikuwa kwa Bi Rukaiya, mama yake Najat, aliyekuwa akichagua mchele barazani. Alipewa kigoda, hakukaa. Alisimulia yote amesimama. Mikono ya mama ikatulia kwenye ungo.

"Mwezi jana nilimnusa mdomo, nikamchapa. Akaapa ni sigara ya mwalimu. Nikaona anakusingizia, nikamchapa tena."

"Nisamehe, mama."

"Mie sina neno. Kamwombe yeye." Akamwita binti.

Albano hakuwahi kumwomba mtoto radhi maishani mwake. Maneno yalimkwama, akayatoa hivyo hivyo. Najat aliangalia vidole vya miguu yake.

"Kwa hiyo kesho nisiende dukani?"

"Usiende. Wala kesho kutwa."

Asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, Albano alieleza alichokifanya, akaapa kutovuta tena. Mwalimu Fakihi wa michezo alimvuta shati. "Umetuvua nguo mbele ya watoto, bwana!" Mchana mwalimu mkuu, Mama Anjelina, aliondoa visahani vyote vya majivu ofisini.

Siku zilizofuata Albano alikuwa hatulii. Alitafuna vijiti, alizunguka uwanja, aligombana na wenzake kwa sababu ya kipande cha chaki. Ijumaa alishindwa. Alikwenda kuvuta nyuma ya duka la Mwinshehe, ng'ambo ya barabara, akarudi ananuka. Darasa la tano wakatazamana.

"Ndiyo, nimevuta," aliwaambia. "Leo nimeshindwa. Kesho najaribu tena."

Hakuna aliyecheka. Ilimchukua mpaka masika ya mwaka uliofuata kuacha kabisa. Fakihi hakuacha, ila sigara zake akawa anazifuata mwenyewe, na kuzivutia nje ya ua.