Mililita Hamsini za Mama Chupa

Mtunza maabara wa shule ile, aliyezoeleka kwa jina la Mama Chupa, alikuwa na mwaka wa kumi na moja akichanganya dawa za wanafunzi. Kemia yenyewe hakuisoma. Aliyemtangulia alimwonyesha kwa mikono: pima maji lita moja, mimina humo mililita hamsini za asidi ya molari mbili, tikisa, bandika karatasi iliyoandikwa "molari 0.1". Basi. Akashika hivyo hivyo, kama mtu ashikavyo njia ya kwao.

Jambo moja lilimkera. Kila zoezi la bureti, ule mrija wenye alama wa kudondoshea asidi, wanafunzi walitumia asidi mililita ishirini na sita na ushei, na jibu sahihi lilikuwa ishirini na tano. Mwalimu wa zamani aliwaambia hawana macho. Mwalimu mpya, binti wa rika la kitinda mimba wa Mama Chupa, hakumlaumu mtu.

"Darasa zima haliwezi kuwa kipofu, mama," alisema.

Neno hilo lilimkaa rohoni. Kesho yake aliomba kuketi nyuma darasani. Wanafunzi wakacheka kidogo, kisha wakamsogezea kiti.

Mwalimu alieleza taratibu. Moli ni hesabu ya chembe, kama dazeni, ila dazeni kubwa ya kutisha. Molari ni moli ngapi zimo katika lita moja ya myeyusho. "Ya myeyusho," alirudia, "si ya maji uliyotia." Akapima sukari gramu mia tatu arobaini na mbili, yaani moli moja, akaitia kwenye jagi lenye lita kamili ya maji. Ilipoyeyuka yote, kimiminika kilikuwa kimeipita alama ya lita kwa vidole kadhaa. "Moli ni ile ile, lakini imetandazwa mahali papana. Hii haifiki molari moja."

Mama Chupa alijikuta anahesabu, midomo ikicheza. Darasa lilipotawanyika, alimfuata mwalimu.

"Mwanangu, watoto hawana kosa. Mimi hutia hamsini juu ya lita kamili. Inakuwa lita moja na hamsini."

Mwalimu akakokotoa ubaoni: moli 0.1 kwa lita 1.05. "Molari 0.095. Asidi imepungua nguvu, ndiyo maana wanamimina zaidi." Akaweka chaki chini, akacheka. "Afadhali umeniambia. Nilikuwa njiani kuagiza bureti mpya."

Walichanganya upya pamoja. Mama Chupa alitangulia na maji nusu chupa, maana asidi hufuata maji, akatia hamsini zake, kisha akajaza tone kwa tone mpaka kwenye mstari wa lita, jicho likiwa sawa na alama.

Zoezi lililofuata, msichana wa meza ya kwanza alisoma ishirini na tano kamili. Akasoma tena, hakuamini. Jirani yake akapata ishirini na nne nukta tisa. Mama Chupa alisimama kando ya sinki akisuuza pipeti ambayo tayari ilikuwa safi.

Jioni mumewe, fundi cherehani, alimtazama usoni. "Leo umenawiri. Umeokota nini?"

"Mililita moja na robo iliyopotea miaka kumi na moja."

"Inalika?"

"Hailiki. Keti nikueleze."

Akaeleza, na fundi akasimamisha mashine yake mpaka mwisho. Wiki iliyofuata Mama Chupa alinunua daftari la kurasa mia, akaingia darasani na wengine. Walikuwa wanaanza somo la chumvi.